Kianikio cha mwavuli au kamba ya kunyooka: kipi kikufae uani?

Nimeanika nguo kwenye kamba ya kunyooka kwa miaka mingi, kisha nikachimbia kianikio cha mwavuli uani, na leo ninavitumia vyote viwili. Kwa hiyo nikiulizwa kipi bora, huwa ninarudisha swali: unafua mara ngapi kwa wiki, ua wako una kazi gani nyingine, na upepo unaingilia wapi? Majibu ya maswali hayo matatu huamua karibu kila kitu.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Kianikio cha mwavuli kina mlingoti mmoja katikati na mikono mitatu au minne inayofunguka kwenda juu, mfano wa mwavuli uliogeuzwa na upepo ukabaki njiti tupu. Kamba zinapita kutoka mkono hadi mkono, duru ndani ya duru, za nje ndefu na za ndani fupi. Ukikisukuma kwa kidole kinazunguka. Ukimaliza unakikunja, na ukitaka unauchomoa mlingoti wote kwenye bomba lake la ardhini ukauweka ndani. Usikichanganye na kile cha kudumu, kisichokunjika, chenye mpini wa kuzungusha ili kamba zipande na kushuka. Hicho ndicho Gilbert Toyne wa Australia alichokuwa akikichukulia hataza katika miaka ya 1920, na ndicho Lance Hill alichoanza kukiunda Adelaide mwaka 1945 hadi kikawa alama ya nyua za nchi ile. Kile ni chuma kizito, ukishakisimika umekisimika. Hapa ninazungumzia cha kukunja.

Upande wa pili ipo kamba ya kunyooka ambayo kila mtu anaijua: waya au kamba kati ya nguzo mbili, au kati ya ukuta na nguzo. Nitagusa pia kianikio cha miguu, kile kinachosimama chenyewe sakafuni, kwa sababu wapo watu ambao hicho ndicho kinachowafaa.

Mita za kwenye boksi

Boksi la mwavuli huandikwa mita 50, au 60. Namba hiyo ni ya kweli ukipima kamba yenyewe, ila usiinunue kama ilivyo. Chukua mwavuli wa mikono minne wenye duru 10. Duru ya nje ni mraba wenye upande wa mita 2, na ya ndani kabisa ina upande wa nusu mita. Jumlisha zote, unapata mita 50. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya duru moja na inayofuata: sentimita 8 na kidogo, upana wa kiganja. Mashati mawili mabichi yakining'inia karibu hivyo, upepo ukivuma yanashikana, na upepo ukitulia yanarudishiana unyevu.

Ndiyo maana siku za hewa nzito mimi huruka duru moja moja. Ninaanika ya kwanza, ninaiacha ya pili, ninaanika ya tatu. Kwa mtindo huo mita 50 zinabaki kama 27, na hizo 27 ndizo za kulinganisha na kamba ya kunyooka. Nguzo mbili zenye kamba nne za mita 6, zilizoachana sentimita 40, zinakupa mita 24, na kila nguo inapata hewa mbele na nyuma. Kumbe vitu viwili ambavyo kwa kusoma boksi kimoja kinamzidi mwenzake mara mbili, kwa kuanika vinakaribiana kabisa.

Eneo nalo halitofautiani sana. Mwavuli huo, kutoka ncha ya mkono hadi ncha ya mkono unaotazamana nao, ni karibu mita 2.8. Ongeza nusu mita na ushei kila upande ili shuka lisifagie ukuta linapozunguka, unahitaji duara la mita 4, yaani mita za mraba kama 12.5. Kamba nne za mita 6 pamoja na njia ya kupita zinachukua kama 15. Tofauti inaonekana nguo zikishaanuliwa. Mwavuli unakunjwa na ua unarudi kuwa ua, ilhali nguzo na kamba zinabaki palepale, zikikata njia kwenye kimo cha shingo ya mtu. Penye watoto wanaokimbia, au mtu anayepita uani usiku bila taa, mimi ningelitazama hilo kabla ya kuhesabu mita.

Upepo kwanza, jua baadaye

Fua kilo 5 za nguo kwa mashine inayokamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, nazo zitatoka na maji ya kama asilimia 60 ya uzito wake mkavu: lita 3. Mizunguko 1,400 inashusha maji hayo hadi kama lita 2.5. Ukikamua kwa mikono yanabaki mengi zaidi, hata uwe na nguvu kiasi gani. Maji hayo yote hayana budi kugeuka mvuke, na kila lita inadai joto la kama kilojuli 2,400, sawa na theluthi mbili hivi za uniti moja ya umeme. Nje, jua na hewa vinakulipia. Ndani ya nyumba, lita hizo 3 zinaingia kwenye hewa unayoivuta, na zikikosa dirisha zinatua ukutani zikaota koga.

Wengi hulisifu jua, lakini mkaushaji mkuu ni upepo. Hewa iliyogusana na kitambaa kibichi hujaa mvuke upesi, na isipoondolewa nguo inabaki imejifunika unyevu wake hata jua likiwa kali. Siku ya mawingu yenye upepo mkavu mara nyingi hukausha kuliko siku ya jua lisilo na upepo. Hapo kamba ya kunyooka ina faida yake kubwa: ukiifunga ikaupokea upepo kwa ubavu, kila nguo inapigwa sawasawa. Mwavuli una upande unaotazama upepo, una mgongo wake, na una katikati ambako nguo zimezingirwa na nguo nyingine. Ni kweli unazunguka, ila usitegemee uzunguke wenyewe mchana kutwa. Ukiwa umelemea upande mmoja, upepo huugeuza mara moja ukatulia palepale. Mimi huusukuma nusu duara kila ninapopita.

Kupanga nguo kunasaidia sana. Duru za nje ndizo ndefu, na kwa kuwa mikono inapanda kuelekea nchani, ndizo zilizo juu zaidi. Suruali, magauni na taulo vikae huko, soksi, chupi na vitambaa vidogo vikae ndani. Tena ndani kuna kivuli, na kivuli hicho ni rafiki wa nguo za rangi. Jua hupausha rangi na hulegeza mipira ya kiunoni, kwa hiyo nyeupe nje, za rangi ndani, na nyeusi zigeuzwe upande wa ndani utoke nje. Kwenye kamba ya kunyooka hakuna kivuli cha aina hiyo. Kila nguo inakula jua lake lote.

Mashuka yakizungushwa kwenye duru ya nje yote, umejenga ukuta, na vilivyomo ndani vitashinda vibichi. Najua wengi wanaupenda ukuta huo kwa sababu unasitiri nguo za ndani machoni pa wapita njia, na hiyo ni haja ya kweli. Basi ziba pande mbili zinazotazama njia, mbili zilizobaki ziachie upepo. Nguo inayochelewa sana kukauka hupata harufu ya uvundo, na harufu hiyo ina mwenyewe: bakteria aitwaye Moraxella osloensis, ambaye watafiti wa Japani walimtambua mwaka 2012 kuwa ndiye anayezalisha asidi yenye harufu ile kwenye nguo zilizofuliwa. Nguo ikivunda katikati ya mwavuli, kuongeza sabuni hakutamaliza tatizo kama duru zinabaki zimejazana.

Shuka kubwa ndilo linaloumbua mwavuli. Upande wake wa nje ni mita 2 tu. Shuka lenye upana wa mita 2.4 itabidi likunjwe, na pale matabaka yalipolaliana ndipo patakapochelewa. Kwenye kamba ya kunyooka unalitandaza lote, na likipigwapigwa na upepo linalainika. Taulo ni vivyo hivyo. Taulo la pamba lililokauka limetulia huwa gumu kama ubao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao Chuo Kikuu cha Hokkaido kilishiriki, ulieleza kwamba kiasi kidogo cha maji kinachobaki juu ya nyuzi hugeuka mfano wa gundi inayozishikamanisha. Kulikung'uta taulo kabla ya kulianika na baada ya kulianua kunaachanisha nyuzi hizo. Nyumba yenye vitanda vingi, inayofua mashuka manne au matano kwa siku moja, isitegemee mwavuli peke yake. Hilo ninalisema bila kusita.

Ile harufu safi ya nguo za nje, inayowafanya watu waingize uso kwenye shuka wakati wa kuanua, mwavuli na kamba vinaitoa kwa usawa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliipima mwaka 2020 kwa kuanika taulo juani, kivulini na ndani ya nyumba. Zile za juani ndizo zilizotoa aldehidi na ketoni kadhaa, jamii ya kemikali zinazopatikana pia kwenye manukato. Ukiipenda harufu hiyo, taulo na foronya zisikae kwenye duru za ndani.

Mgongo wa anayeanika

Kwenye kamba ndefu unatembea na beseni. Unainama, unabana, unasogea, unavuta beseni, unainama tena. Kwenye mwavuli unasimama mahali pamoja, beseni liko juu ya stuli ubavuni, na kamba ndizo zinazokujia. Mama yangu magoti yalipoanza kumsumbua, mwavuli ndio uliomrudishia kazi ya kuanika, kazi anayoipenda na ambayo hakutaka kufanyiwa na mtu. Miavuli mingi pia hukuruhusu kushusha au kupandisha kamba ili zilingane na kimo chako. Kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mtu anayeanika akiwa ameketi, faida hii peke yake inatosha kuamua.

Nini hulegea, nini huanguka

Kamba ya kunyooka inaonekana kitu chepesi, lakini inavuta kwa nguvu nyingi. Kamba ya mita 10 ikibeba kilo 10 za nguo zilizosambaa, ikaachwa ibonyee nusu mita katikati, inavuta kila nguzo kwa nguvu ya kama kilo 25. Ikaze hadi ibonyee robo mita tu, na mvuto unakuwa kama kilo 50. Ndiyo maana nguzo huinamiana taratibu, na kulabu za ukutani hung'oka na plasta yake. Usishindane na kamba kwa kuizidishia kukaza. Iache ibonyee, kisha uiinue katikati kwa mti wenye panda. Mti huo hupeleka shuka juu zaidi, huko upepo uliko mwingi, na ni mbinu ambayo haijapata mbadala.

Kamba ya kujiviringisha ndani ya kasha la ukutani ni ndugu wa hii. Inapotea ukiimaliza, jambo zuri, lakini huwa nyembamba na hubonyea zaidi. Ninaiona inafaa mashati, haifai mablanketi.

Mwavuli una tabia nyingine kabisa. Mlingoti mmoja unabeba kilo 8 za nguo na maji, halafu upepo unakuja kuzigeuza shuka kuwa matanga. Kila kitu kinategemea mguu wake. Mwavuli wangu wa kwanza niliusimamisha kwa kigingi cha chuma kinachopigwa kwa nyundo ardhini. Mvua ya kwanza ikalainisha udongo, mlingoti ukaegama, na tangu siku hiyo kila mzigo ulijizungusha kuelekea upande wa chini na kuburuza ncha za shuka kwenye tope. Nilivumilia msimu mzima kabla ya kukubali kwamba kosa lilikuwa kwenye shimo, na kianikio chenyewe kilikuwa kizima.

Kwa hiyo kama utanunua mwavuli, mwaga zege. Chimba shimo la kina cha kama sentimita 60 na upana wa 40, tandika kokoto chini maji yapate pa kupitia, simamisha bomba mlingoti ukiwa ndani yake, na utumie pimamaji kwenye pande mbili za mlingoti, kwa sababu mlingoti ulionyooka ukiutazama kutoka mbele unaweza kuwa umeegama ukiutazama kutoka ubavuni. Zege lisizibe mdomo wa chini wa bomba, la sivyo maji ya mvua yatasimama humo. Mdomo wa juu uwe usawa wa ardhi ili asijikwae mtu, na uwe na kifuniko, maana mchanga na majani vikijaa ndani mlingoti hauingii tena. Liache zege siku kadhaa lishike kabla ya kuanika hata soksi. Kazi yote hii inakuchukua asubuhi moja, na ndiyo inayotenganisha mwavuli unaodumu na ule unaotupwa.

Mwavuli wenye alumini ni mwepesi kuunyanyua na hauli kutu kama chuma, jambo la maana sana karibu na bahari. Wa chuma kilichopakwa zinki ni mzito na mgumu zaidi, lakini mkwaruzo ukifika ndani ya zinki kutu inaanzia hapo, na kutu ikigusa shati jeupe haitoki. Kamba zenyewe, kwa mwavuli na kwa nguzo, chagua zilizovikwa plastiki, na uzipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanika. Utashangaa kitambaa kinavyotoka cheusi. Vibanio vya plastiki visiachwe kwenye kamba mwaka mzima, kwa sababu jua huvifanya vikavu vikavunjika mkononi.

Upepo mkali ukianza, kunja mwavuli hata kama hauna nguo. Na watoto wasibembee kwenye mikono yake. Mkono ukipinda, kamba za upande huo hulegea na hazikazi tena vizuri.

Asiye na pa kuchimba

Aliyepanga na asiyeruhusiwa kumwaga zege, au mwenye ua wa sakafu tupu, nisingempa mwavuli. Ipo miguu mizito ya kuusimamishia juu ya sakafu, lakini siku ya upepo mashuka yanaupindua. Kwake yeye kianikio cha miguu kinachokunjika, chenye mita 18 hadi 20 za kamba, ni chaguo la heshima kabisa. Nguo ndefu hugusa chini, ndiyo, na shuka linakula kianikio kizima. Lakini rasharasha zikianza, unakinyanyua na nguo zake zote ukaingia nacho ndani bila kufungua kibanio hata kimoja, wakati mwenye mwavuli na mwenye kamba bado wanakimbizana na mawingu. Kwa mtu mmoja au wawili wanaofua mara kwa mara, kidogo kidogo, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Familia inayofua mzigo mkubwa siku moja au mbili kwa wiki, yenye ua wake na inayotaka kuutumia ua huo kwa mambo mengine, ichukue mwavuli wa mikono minne, na kwa ajili ya mashuka iongeze kamba moja tu ya kunyooka, hata iwe ya kufunga na kufungua. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Mwenye ua mrefu na mwembamba kando ya nyumba asihangaike na mwavuli: hapo upepo hupita kama kwenye bomba, kwa hiyo kamba mbili za kunyooka kando kwa kando zitamfaa. Na anayefua kila siku nguo za mtoto mchanga angefurahia mwavuli hata ukiwa mdogo, wa mikono mitatu, kwa sababu vitu vidogo vingi ndivyo duru zilivyotengenezewa.

Kabla hujanunua, fanya jaribio moja. Chomeka fimbo pale unapotaka mlingoti usimame, funga uzi wa mita 2, ushike mwisho wake ukauvute hadi ukaze, kisha tembea ukiizunguka fimbo. Tazama chini: maji ya bomba au ya mvua yasituame hapo. Tazama juu: matawi huleta ndege na utomvu, na nyaya za umeme hazitakiwi popote karibu na mlingoti wa chuma unaonyanyuliwa kwa mikono. Ukigusa ukuta kabla ya kumaliza duara, hamisha fimbo uanze tena, na usipopata mahali ambapo uzi unazunguka wote bila kuguswa, chukua futi ukapime urefu wa kamba ya kunyooka.